Nilichomwambia Mama wa Vitenge

Jumatatu moja ya Oktoba 2014, mama mmoja muuza vitenge alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu tulikopanga ofisi, Sinza, Dar es Salaam, simu ameishika kwa mikono miwili. Kwenye akiba yake ya Saccos zilikuwa zimetoka shilingi 640,000 kwa mikupuo miwili, usiku wa Jumamosi, yeye akiwa msibani Kibaha. Fedha zilihamia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina asilolijua. Alikuwa na RB ya polisi, alikuwa na karatasi ya karani wa Saccos, na karani ndiye aliyemwelekeza kwangu, kwa kuwa programu ya simu waliyoitumia wanachama niliiandika mimi.

Nilimvutia kiti. Nikafungua kumbukumbu za seva mbele yake nikamsomea: namba ya simu ni yake, namba ya siri ni sahihi, imeingizwa mara moja tu, hakuna aliyebahatisha. Kisha nikamwambia, kwa upole wa mtu anayetoa ushauri, "Mama, mfumo haujaingiliwa. Namba ya siri umempa mtu."

"Mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Sikuwa nayo. Kwa miezi saba nilikuwa najua kwamba ndani ya programu ile pana mahali nilipozima ulinzi kwa mkono wangu mwenyewe, na siku ile, mama yule akiwa ameketi hatua moja kutoka kwenye kompyuta yangu, nilipakumbuka. Nilipakumbuka kabla sijafungua kinywa. Nimejaribu mara nyingi kujisimulia kwamba wazo lilinijia baadaye, jioni, nikiwa kwenye daladala. Halikuja baadaye.

Kazi ile tuliianza mwishoni mwa 2013. Saccos ilikuwa na wanachama karibu elfu mbili, wengi wao watu wa sokoni, na viongozi walitaka mwanachama aone akiba yake na kuihamishia kwenye simu bila kupanga foleni dirishani. Njia ya kubonyeza nyota na reli ilihitaji mkataba na kila kampuni ya simu, na gharama yake hawakuimudu. Simu janja za bei nafuu zilikuwa zimeanza kujaa Kariakoo. Tukakubaliana iwe programu ya Android, izinduliwe Jumamosi ya mkutano mkuu, Machi 2014.

Alhamisi usiku, programu ikiwa imekamilika, tuliihamisha kutoka seva ya majaribio kwenda seva halisi. Simu ikakataa kuunganishwa. Ujumbe wa hitilafu ulisema kwamba katika mlolongo wa vyeti simu haioni mzizi wa kuuamini. Nikafungua anwani ileile kwenye kivinjari cha kompyuta: kufuli la kijani, hakuna tatizo lolote. Simu inakataa, kompyuta inakubali. Nilihangaika nayo hadi saa nane za usiku.

Asiye wa kazi hii atanielewa nikimpa mfano wa kitu anachokijua. Ukienda benki kufungua akaunti, unaweza kuombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Karani wa benki hakujui wewe wala hamjui mwenyekiti wako. Anachokijua ni mhuri. Cheti cha seva ni barua ya namna hiyo. Kinasema: mwenye ufunguo huu ndiye mwenye jina hili, nami fulani nathibitisha. Huyo fulani naye anathibitishwa na mkubwa wake, hadi kuwafikia wachache ambao simu imetoka kiwandani ikiwa na mihuri yao. Tatizo letu lilikuwa dogo: seva ilikuwa inatoa barua ya mtaa bila kuambatanisha ile ya kata. Kivinjari cha kompyuta kilikuwa kimeshakutana na barua ya kata kwingineko, kikajaziliza chenyewe. Simu haikujaziliza, na ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Dawa ilikuwa kuweka faili moja zaidi kwenye seva. Nilikuja kuifanya kazi hiyo baadaye nikiwa natazama saa, ikanichukua dakika kumi.

Usiku ule sikutafuta ugonjwa, nilitafuta kitulizo. Niliunakili ujumbe wa hitilafu, nikausaka, nikakuta jibu kwenye Stack Overflow, mahali ambapo watengeneza programu wa dunia nzima huulizana maswali. Lilikuwa limepigiwa kura nyingi. Nikalibandika kama lilivyo. Lilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza ni kile ambacho Android hukiuliza, "Cheti hiki kinaaminika?" na kikikaa kimya bila kupinga, ukimya wake huhesabiwa kuwa ndiyo. Nacho kilikuwa kitupu, hakina hata mstari mmoja ndani. Cha pili huulizwa, "Jina lililo kwenye cheti ndilo la yule niliyemwita?" nacho kiliandikwa kijibu ndiyo kwa kila jina. Yaani dirishani nilimweka karani anayepokea barua yoyote, hata ile ambayo mtu kajiandikia mwenyewe nyumbani, hata yenye jina la mtu mwingine, anaiweka mezani bila kuisoma na kusema pita.

Simu ikaunganishwa papo hapo. Juu ya vile vipande nikaandika kwa herufi kubwa ONDOA KABLA YA KUTOA, nikaenda kulala.

Ijumaa nilikutana na bodi ya Saccos. Nilikuwa na slaidi yenye picha ya kufuli. Nikawaeleza kwamba mawasiliano yote yamesimbwa kwa AES yenye ufunguo wa biti 256, na kwamba kompyuta zote za dunia zikikusanywa pamoja haziwezi kuukisia ufunguo huo. Hayo yalikuwa kweli. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye bado alikuwa anatumia simu ya tochi, akanyoosha mkono. "Kijana wangu, nimeelewa kwamba maneno yanafungwa. Sasa hiyo simu inajuaje kwamba inaongea na kompyuta yetu sisi, si ya mtu mwingine aliyekaa njiani?"

Nikamjibu kwa kurudia biti 256. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, na kikao kikaendelea.

Sijawahi kuulizwa swali la kitaalamu zaidi ya lile. Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha mwaka 1976 njia ya watu wawili kupatana siri mbele ya umati na umati usiijue, walifungua zama mpya. Lakini njia ile peke yake haimwambii yeyote kati ya wale wawili amepatana na nani. Aliyejipenyeza katikati anaweza kupatana siri moja na huyu na siri nyingine na yule, akawa anapokea, anafungua, anasoma, anafunga upya na kupeleka mbele. Kila upande unaona kufuli. Biti ziwe 256 au ziwe elfu, unakuwa umeweka mali yako kwenye sanduku la chuma na ufunguo umemkabidhi mwizi.

Nami nilikuwa nalijua hilo vizuri. Mwaka 2012 nilisoma kozi ya usimbaji ya Dan Boneh wa Stanford, iliyotolewa bure kupitia Coursera. Niliamka saa kumi alfajiri, wakati intaneti ingali nyepesi, nikatazama mihadhara na kufanya mazoezi hadi jua lichomoze. Oktoba ya mwaka huohuo Boneh, pamoja na wenzake wa Stanford na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, walitoa makala ya utafiti waliyoiita, kwa Kiswahili changu, msimbo wa hatari kuliko yote duniani. Walichunguza programu zisizo vivinjari, zile zinazounganisha maduka na malipo, simu na benki, seva na seva. Wakakuta kwamba katika nyingi za zile zinazobeba mambo mazito, ukaguzi wa vyeti umevunjika kabisa. Si hesabu zilizoshindwa. Hesabu zilikuwa nzima. Watu kama mimi ndio waliozichomeka vibaya au kuzizima. Makala ile niliipakua, nikaisoma yote, nikawapa na wenzangu ofisini.

Mwaka huohuo watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, Ujerumani, walipitia programu 13,500 za bure za Android zilizokuwa zinapendwa. Katika 1,074 walikuta msimbo unaoweza kumruhusu mtu wa katikati. Wakachukua 100 wakazijaribu kwa mikono, na 41 zikakubali kudanganywa, zikawamwagia nywila na taarifa za akaunti za benki. Mwaka uliofuata wakafanya jambo ambalo mimi nalithamini kuliko takwimu zote zile: waliwatafuta waandishi wa programu hizo wakawauliza kwa nini. Majibu mengi yalifanana. Tulizima ukaguzi ili tujaribu kwenye seva ya majaribio, kisha tukasahau kuurudisha.

Ningependa nami niseme nilisahau. Sikusahau. Maneno yale ya herufi kubwa nilikutana nayo kila nilipofungua lile faili, na kati ya Machi na Oktoba nililifungua si chini ya mara tano. Kila mara nilikuwa na sababu. Wiki ya kwanza wanachama walikuwa wanajiandikisha, nisivuruge. Mwezi uliofuata kulikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi isiyotoka vizuri. Kisha nikaanza kuwaza kwamba mwizi wa kujua mambo hayo hayupo Tandika kwa wateja wetu, yupo Ulaya, na Ulaya wana vya kuiba vikubwa kuliko akiba ya mama ntilie. Wazo hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka. Nilikuwa nimewapimia wateja wangu ulinzi kwa unene wa pochi zao.

Januari 2015 alinijia kijana mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Dar, mama yake mwanachama wa Saccos. Alikuwa ameniandikia barua pepe mara mbili mwezi Desemba. Zote niliziona, zote sikuzijibu. Safari hii alikuja na kompyuta yake. Akaigeuza kuwa kituo cha Wi-Fi, akaunganisha simu yake nayo, akawasha programu ya kukaa katikati inayotoa cheti cha kujitengenezea. Akafungua kwanza programu ya benki moja: ikakataa. Akafungua nyingine: ikakataa. Akafungua yetu, ikaingia bila kusita, na kwenye skrini ya kompyuta ikatokea namba yake ya simu na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu.

Mfuatano ule ulikuwa fahari yangu. Namba ya siri nilikuwa siitumi wazi. Niliichanganya na namba ya simu kwa MD5, hesabu ya kugeuza maneno kuwa mfuatano kama ule, nikajiona nimeweka ukuta wa pili. Kijana akabonyeza kitufe kimoja. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na kompyuta huzijaribu zote kabla hujapepesa jicho. Ikatokea namba yake ya siri.

"Kaka," akasema, "nimeshajaribu programu nyingi. Yako ndiyo imekubali."

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa, "Umemwambia nani mwingine?"

Akaniambia hajamwambia mtu, ila mama yake amemkataza kuitumia. Nikamshukuru. Nikamuomba asiandike popote kwa muda, nikampa shilingi elfu thelathini, nikaziita nauli. Alizipokea akiwa hanitazami usoni.

Usiku ule nilifanya kazi ambayo ingefanyika Machi. Niliweka barua ya kata kwenye seva, nikafuta vile vipande viwili, simu ikaunganishwa kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Nikiwa humohumo nikapekua na upande wa seva, pale msimbo wetu wa PHP ulipozungumza na mfumo wa kampuni ya kuhamisha fedha. Kulikuwa na mstari wa cURL, zana ya kuunganisha seva na seva, unaoamuru jina kwenye cheti likaguliwe, nami nilikuwa nimeujaza "kweli". Sasa "kweli" ya PHP ikifika kwa cURL inageuka 1, na 1 katika matoleo ya zamani ilimaanisha: angalia tu kama cheti kina jina, liwe jina lolote. Iliyotakiwa ni 2. Wale wa Stanford na Texas waliueleza mtego huohuo, na mwishoni mwa 2012 wenye cURL waliacha kuipokea ile 1. Seva yetu ilikuwa ya toleo la nyuma yake. Hapa kwa kweli sikujua. Mstari ule niliuandika kwa nia njema kabisa nikiamini nimefunga. Nimeutaja kwa sababu makosa haya mawili yanafanana yakitazamwa na mashine, lakini mimi naijua tofauti yake. Moja lilinipita. Lile jingine nililipalilia.

Toleo jipya nikalipandisha. Pale panapoulizwa kuna mabadiliko gani, niliandika: Maboresho madogo.

Na hilo ni kosa jingine, ambalo wala si la kiufundi. Ningeweza kuamuru seva iyakatae matoleo ya zamani siku ileile. Sikufanya, maana wanachama wangeuliza kuna nini. Saccos nyingine mbili zilikuwa zimekaribia kusaini mkataba nasi. Kwa hiyo simu za watu ambao hawasasishi programu, na kwa bando la kuungaunga wengi hawasasishi, ziliendelea kupita njia ileile iliyo wazi hadi Septemba. Miezi minane, nikijua, na safari hii nikiwa nimeoneshwa kwa macho. Sikumwambia mwenyekiti wa bodi wala yule mwalimu. Na mama wa vitenge sikumpigia simu.

Kumbukumbu za seva za Oktoba nilizitafuta Februari nikakuta zimeshafutika. Mfumo ulikuwa unatunza za siku 90. Hata zingekuwepo zisingetosha: simu nyingi za kampuni moja hutokea intaneti kwa anwani moja, na aliyeiba namba ya siri huingia kama mwenyewe. Kwa hiyo hakuna tena namna ya kupima kama zile 640,000 zilitoka kwa tundu langu au kwa njia nyingine. Hilo nalo nimelifanya mimi, kwa kukaa kimya hadi ushahidi ukafa.

Agosti 2015, katika mkutano wa USENIX Security uliofanyika Washington, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitoa utafiti juu ya fedha za simu katika nchi kama zetu. Kati ya huduma 246 zilizojulikana duniani wakati ule, walipata programu 46 za Android. Kwanza walizipitisha kwenye kipimo cha kompyuta, wakaona majibu yake hayategemeki. Ndipo wakachukua saba na kuzifumua kwa mikono, hatua kwa hatua, kuanzia usajili hadi muamala. Walichokikuta nilikisoma usiku, nikijisikia kama mtu anayesomewa shitaka lake na hakimu asiyemfahamu: ukaguzi wa vyeti uliovurugwa, usimbaji wa kujitungia, taarifa zinazovuja, mianya ya kumwezesha mtu ajifanye mteja na kubadili muamala ukiwa njiani. Nilisoma nikisaka jina la programu yetu. Halikuwemo, tulikuwa wadogo mno. Nikashusha pumzi. Na pumzi ile ndiyo iliyonishitua, kwamba naona nafuu kwa sababu sikuonekana.

Sehemu ya mwisho ya utafiti ule haikuhusu usimbaji. Walisoma masharti ya huduma, yale maandishi marefu ambayo mtu hukubali bila kusoma, wakaona kwamba mzigo wa hasara umetupwa mabegani mwa mteja bila haki. Nikafungua masharti yetu. Kifungu cha tisa: mwanachama atawajibika kwa muamala wowote uliofanywa kwa namba yake ya siri. Nilikinakili kwenye masharti ya wengine, kwa namna ileile nilivyonakili vile vipande viwili vya msimbo. Msimbo ulimwachia mwizi yeyote wazi namba ya siri ya mama, kifungu kikamtia mama hatiani kwa kuibiwa. Vyote viwili vilipita mikononi mwangu.

Mengi yamefanyika tangu hapo. Mwaka 2016 Android 7 ilileta njia ya kuamini cheti cha majaribio wakati wa majaribio pekee, bila kuandika msimbo wowote wa kusahaulika, jambo ambalo wale wa Ujerumani walikuwa wamelipigania. Mwaka huohuo Google ikaanza kuzuia programu zenye kipande kitupu kama changu zisipande kwenye duka lake. Mwaka 2017 watafiti wengine walipitia programu milioni 1.3 wakakuta asilimia 15.4 zina msimbo wa kiusalama ulionakiliwa Stack Overflow, na katika hizo karibu zote, asilimia 97.9, kuna walau kipande kimoja kisicho salama. Nakubaliana kwa moyo wote na wanaosema kifaa kitengenezwe kiasi kwamba mtu aliyechoka saa nane za usiku asiweze kuwadhuru wengine kirahisi. Kama Android ya 2014 ingekuwa hivyo, lile la Machi lisingetokea. La Oktoba lingetokea vilevile, kwa sababu hakuna kifaa kilichonituma kumwambia mama yule nina hakika.

Septemba 2015 nilikwenda kwenye kikao cha bodi nikasema yote. Mwenyekiti alitaka jambo liishie pale ndani. Mwalimu akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa Machi 2014, akausoma kwa sauti: "Nimeuliza simu inajuaje. Sijajibiwa." Hakuongeza neno. Baada ya hapo iliamuliwa matoleo ya zamani yafungwe, wanachama watangaziwe, na mama wa vitenge arudishiwe fedha zake, nusu zikitoka katika malipo yangu. Mkataba wetu haukuendelea, na zile Saccos nyingine mbili hazikusaini.

Mama alikuwa ameshajitoa Saccos. Nilimpata Tandika, kibandani kwake, akipanga doti za vitenge. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitambua. Nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza: programu yangu ilikuwa na tundu, nililijua siku ile alipokuja, na sikuwa na ushahidi wowote kwamba alimpa mtu namba ya siri. Nikamwambia, "Mama, nilikusingizia." Nikamuuliza pia swali nililotakiwa kumuuliza Oktoba, ambalo sikuliuliza kwa sababu niliogopa jibu lake: simu yako ulikuwa unatumia intaneti ya wapi? Akasema safu nzima ya vibanda walikuwa wananunua Wi-Fi kwa kijana mmoja, shilingi mia tano kwa siku. Alikuwa amehama mwaka uliotangulia, hakuna aliyejua aliko. Huenda kijana yule hana kosa lolote, na sitaki kurudia nilichokwisha kufanya mara moja.

Alikaa kimya akikunja na kukunjua kitenge kimoja. Kisha akasema, "Kwa hiyo si Hamisi."

Sikumfahamu Hamisi. Akanieleza. Mtoto wa mdogo wake, alikuwa anaishi kwake akisoma sekondari, ndiye aliyemwekea programu kwenye simu na kumfundisha kuitumia. Baada ya kutoka ofisini kwangu, mama alipiga hesabu ya nani aliyewahi kuishika simu yake, na hesabu ikaishia kwa mtu mmoja. Kijana aliapa. Alimrudisha kwao Tabora katikati ya muhula, na mdogo wake hakuwa ameongea naye tangu wakati ule.

Nilimpa bahasha ya fedha. Aliiweka chini ya vitenge bila kuhesabu, akatoa simu, akatafuta jina, akapiga. Ilipoanza kuita akanikabidhi.

"Mwambie wewe," akasema.

Nikamwambia. Nilijitaja jina, nikataja kazi yangu, nikaeleza kilichotokea, nikamuomba radhi. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine ya kusaga. Hamisi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, kaka," kisha akaniuliza kama mama mkubwa yuko karibu, aongee naye.